Mama Witiri

Dokta Mbarak alizikwa Ijumaa, na habari zilinifikia Jumamosi nikiwa nimeshabandika maharage. Kwa hiyo sikumwona akitolewa. Nilikwenda Jumapili baada ya ibada, pamoja na mdogo wangu Ndeshi, kwenye nyumba yao ya Gerezani ambayo chini yake bado kuna duka la vitambaa la ukoo. Wanaume walikuwa wamekaa nje chini ya turubai. Sisi wanawake tulipandishwa juu, tukavua viatu, tukapita kwenye mikeka tukiwapa mkono wa pole wafiwa mmoja baada ya mwingine. Binti yake mkubwa alipoushika mkono wangu hakuuachia haraka. Aliniuliza kama ni mimi niliyekuwa nikiwapikia chai kule mjini zamani. Nikasema ni mimi. "Basi wewe utanijibu," akasema. "Kwa nini baba kila tukiandaa chai alikuwa anadai kikombe kimoja zaidi? Mama alidhani ni uzee. Lakini alianza kabla hajazeeka." Ndeshi alikuwa nyuma yangu, naye alisikia. Nilimjibu yule dada kwamba baba yake alikuwa mtu wa kungoja wageni. Akaridhika, au akajifanya ameridhika, na mstari ukasogea.

Nilichomjibu hakikuwa uongo, ila kilikuwa kifupi mno. Iliyobaki naiandika hapa kama nilivyoiona na kama nilivyosimuliwa na walioiona, na pale nisipojua sitaziba pengo.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule nilikuwa nimeiacha kidato cha pili, na nilikuwa na wadogo wawili: Elibariki, aliyekuwa darasa la saba, na Ndeshi, ambaye alikuwa hajaanza hata la kwanza. Habari za wazazi wetu sitazieleza. Inatosha kwamba hawakuwepo tena, na kwamba sisi watatu tulibaki kwenye chumba kimoja Ilala, nyuma ya karakana ya kuchomelea mageti. Kitanda kilikuwa kimoja. Eli alilala chini kwenye godoro, mimi na Ndeshi juu, na Ndeshi hakupata usingizi mpaka ashike kidole changu gumba na kukinyoosha wima kama kijiti. Mama alikuwa fundi cherehani, na sindano ilimwingia kidole gumba zamani, kabla sisi hatujazaliwa, kikawa hakikunjiki. Ndeshi alizoea kulala ameshika kidole kilichonyooka, na mimi nilijifunza kukinyoosha changu mpaka asinzie.

Ndugu walikuwa wanangoja kutugawana. Nasema kutugawana kwa sababu ndilo neno lililotumika. Baba mdogo wetu alikuwa na duka la jumla Kariakoo, duka la masufuria na mabeseni lililopangwa mpaka dari, na Jumapili moja alitualika nyumbani kwake tule. Mkewe alipika ndizi kwa nyama kama huko kwetu Moshi, sufuria kubwa, na alinituma jikoni nikalete maji ya kunawa. Nikiwa nyuma ya pazia nikasikia mipango: Eli ahamie dukani abebe mizigo na jioni asome, Ndeshi apelekwe kwa shangazi Moshi, mimi nitafutiwe nyumba ya kufanyia kazi. Baba mdogo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaongea kwa upole, kama mtu anayepanga gari lijae vizuri. "Mzigo ukigawanywa haumlemei mtu," akasema. Niliingia na beseni, nikamwinamia anawe, nikasema: "Baba mdogo, sisi ni mzigo wa jumla. Hatuuzwi rejareja."

Alicheka mpaka akapaliwa, mkewe akampiga mgongo, hata Eli akacheka. Kisha akajifuta mdomo na uso ukarudi kama mwanzo. Alisema sawa, nijaribu mpaka mwisho wa mwaka. Lakini akisikia yule mdogo amelala njaa, au amefungiwa mahali kama mbuzi, atakuja kumchukua mwenyewe bila kuita kikao. Niliitikia. Nilijua tayari kwamba kila Alhamisi namfungia mahali.

Asubuhi nilikuwa nikikaanga vitumbua mlangoni pale Ilala, na mchana jirani yetu mmoja alinitazamia mtoto nilipohangaika na shughuli nyingine. Ila Alhamisi jirani alikuwa na zamu yake ya usafi kanisani, na Alhamisi ndiyo siku nilipopata kazi iliyolipa pango. Kati ya Mnazi Mmoja na soko la Kariakoo kulikuwa na jengo la zamani, la wakati wa Wahindi, chini mafundi cherehani na wauza mabegi, juu ukumbi mrefu ambao chuo kimoja kilikuwa kimeukodi kwa ajili ya wanafunzi wa jioni. Alhamisi hapakuwa na darasa. Walimu wa hisabati walikuwa wanautumia kwa semina zao za utafiti, kuanzia alasiri hadi karibu na magharibi, na mimi niliajiriwa kupanga viti, kupika chai, na kufuta ubao. Msimamizi wa jengo alikuwa na sharti moja tu: mtoto asipande juu, kwa sababu ngazi zilikosa kingo. Kwa hiyo nilimpandisha Ndeshi mapema kabla hajafika mtu, nikamweka stoo.

Stoo ile naikumbuka kuliko nyumba nyingi nilizoishi. Ilikuwa na milango miwili. Mmoja ulifunguka kwenye ujia mwembamba usio na dirisha, ambao ulikuwa giza hata saa nane mchana. Mwingine ulielekea ukumbini, lakini ulipigiliwa misumari zamani, na safu ya mwisho ya viti iliuegemea. Mbao zake zilikuwa zimekauka zikaachana, ukabaki ufa ambao mkono wa mtoto ungeweza kupita. Ndani mlikuwa na viti vilivyovunjika na ubao mweusi uliopasuka. Nilimpa Ndeshi chaki na kitumbua, nikamwambia awe kimya kama kanisani, naye akawa. Kupitia ule ufa alitazama watu wakubwa wakichora nukta na mistari, naye akachora nukta na mistari.

Wageni wa semina walikuwa kati ya kumi na kumi na tano, hawakuzidi. Dokta Mbarak ndiye aliyekuwa mkubwa wao, mtu mwembamba wa rangi ya maji ya kunde, ndevu fupi, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa. Alikuwa ametoka kwenye ukoo wa wafanyabiashara wa Kiarabu, na ndugu zake walimtania kwamba ndiye pekee aliyesoma hesabu akashindwa kufungua duka. Aliyebishana naye zaidi alikuwa Dokta Tumaini, mwalimu wa kike kijana mwenye sauti ya kutangaza mpira. Nilikuwa nikisikia vipande nikipita na sinia. Siku moja walizungumza juu ya mchuuzi anayetaka kupita kila mtaa mara moja tu na kurudi alikoanzia bila kupoteza hatua. Siku nyingine juu ya kupaka ramani rangi ili majirani wasifanane. Sikuelewa hatua zenyewe, lakini nilielewa wanachotaka: kupanga, kuoanisha, kukata, kujua kama jambo linawezekana kabla ya kuanza kulihangaikia. Nilipokuwa nikirudi Ilala na Ndeshi mgongoni, mimi pia nilikuwa nikipanga.

Mabishano yao makubwa yalikuwa juu ya aina fulani ya uthibitisho. Dokta Mbarak aliupenda, Dokta Tumaini aliuchukia. Ulikuwa uthibitisho unaosema kitu fulani lazima kipo, bila kukuonyesha kitu chenyewe. "Dokta, huo ni umbea," Tumaini alimwambia mara moja, watu wakacheka. "Unaniambia mwizi yumo ndani ya nyumba, halafu unazima taa unaenda kulala." Dokta Mbarak alimjibu kwamba kujua yumo ni nusu ya kumkamata. Tumaini akasema yeye nusu hiyo halali nayo nyumba moja.

Kila semina ilianza kwa salamu, na salamu ilikuwa mchezo wa Dokta Mbarak. Watu walikunywa chai wakisimamasimama, wakapeana mikono na yeyote waliyetaka, na kila mmoja alikumbuka amewapa mkono watu wangapi. Asiyempa mkono mtu wa jinsia nyingine aliweka kiganja kifuani, na hiyo haikuhesabiwa. Dokta mwenyewe alikuwa hivyo. Kisha wakakaa, naye akasema: "Wenye witiri wasimame." Maneno hayo tuliyajua tangu shule ya msingi, shufwa na witiri, shufwa ni idadi inayogawanyika kwa mbili, witiri ni ile inayobakiza mmoja asiye na mwenzake. Waliowapa mkono watu watatu, au watano, au mmoja, wakasimama. Na kila mara waliosimama walikuwa idadi ya shufwa. Wawili, au sita, au hakuna hata mmoja, lakini kamwe si witiri. Mimi nilishika sinia, mkono sikumpa mtu. Mara ya kwanza nilipobaki nimesimama mlangoni aliniambia, "Sifuri ni shufwa, binti. Kaa."

Sababu yake alinieleza siku moja akisubiri chai ichemke, na ni nyepesi mpaka inakera. Salamu moja inatumia mikono miwili. Ukijumlisha salamu za watu wote, kila salamu imehesabiwa mara mbili, upande huu na upande ule, kwa hiyo jumla haiwezi kuwa witiri. Hivyo wenye witiri nao lazima wapatikane wawili wawili. "Kila mkono una mwenzake," alisema. "Ukikuta mmoja umebaki, ama mtu amekosea, ama kuna mtu hujamhesabu."

Ilikuwa Alhamisi ya mgao wa umeme, miezi ya joto, madirisha yamefunguliwa na kelele za Kariakoo zimejaa ukumbini: matoroli, wapiga debe wa viatu, honi. Nilikuwa roshani ya nyuma kwenye jiko la mkaa, vikombe vimeshatoka. Nilirudi na birika la pili Dokta aliposema wenye witiri wasimame. Wakasimama watano, yeye mwenyewe akiwa mmojawapo.

Alihesabu tena kwa kidole. Watano. Tumaini alisema kuna msomi hapa ameshindwa kuhesabu vidole vyake. Mwanafunzi mmoja akasema labda kuna jini, na watu wakacheka, lakini Dokta hakucheka. Aliwaomba wataje majina: kila mtu aseme amempa nani mkono, na huyo aitikie. Walikwenda mstari kwa mstari. Kila mkono ulipata mwenzake. Walipofika kwake alitaja majina yake, wote wakaitikia, na yalipokwisha palikuwa pamebaki mmoja ambaye hakumtaja. Nilimwona akifungua mdomo, akautazama mlango wa ujia, akaufunga. Kisha akasema, "Nimekosea mimi," akakaa. Wakabaki wanne. Tumaini alimwambia leo amezeeka. Semina ikaendelea, na mimi nilisimama na birika mpaka mkono ukaanza kuniuma, kwa sababu nilikuwa nimeelewa. Hesabu yao, bila kumwona mtu, ilikuwa imemtafuta mdogo wangu na kumpata.

Walipoondoka wengine Dokta alinifuata roshani. Nilikuwa naosha vikombe. Akaniuliza, bila ukali, yule mtoto aliye nyuma ni wa nani. Alisema alipokwenda kutawadha alipita kwenye ule ujia wenye giza, mlango ukafunguka kidogo, mkono mdogo ukatoka na sauti ikasema shikamoo. Akaushika, akaitikia marahaba, akaenda zake, na kwa mazoea akauhesabu. "Nimesema uongo mbele ya watu kwa ajili yake," akasema, "na sijazoea. Sasa niambie." Nilimwambia. Nilimweleza na habari za baba mdogo, na mwisho wa mwaka, na lile neno la kufungiwa kama mbuzi. Aliinamisha kichwa akisikiliza, kisha akaniomba nimlete.

Ndeshi alikuja na chaki mpaka kwenye nyusi. Dokta alichuchumaa ili walingane. Alikuwa amefurahi, naiona mpaka leo ile furaha, ya mtu aliyepata ufunguo alioudhania umepotea. Alimwambia: "Basi hesabu imefungwa. Wewe umempa mkono mtu mmoja tu, babu yako mimi. Mmoja ni witiri. Ungesimama, tungekuwa sita, na nisingezeeka leo."

"Wawili," Ndeshi akasema.

"Mimi na nani?"

"Wewe na Mama Witiri."

Mimi nilicheka. Dokta naye alianza. Mtoto alikuwa amesikia neno lile kupitia ukuta wiki baada ya wiki na kulifanya jina la mtu. Hata mimi nilipokuwa mdogo nilidhani Ramadhani ni mjomba anayechelewa kufika. Dokta akamuuliza Mama Witiri ndiye nani. Ndeshi akasema ni yule anayekaa kiti cha nyuma, karibu na ufa. Alimpitishia mkono pale kwenye ufa, yeye akamshika. "Mkisema wenye witiri wasimame," akasema, "yeye hasimami."

Kicheko kilimtoka Dokta usoni taratibu. Niliona midomo yake ikihesabu. Mmoja na mmoja, wawili, wawili ni shufwa, mtoto asingesimama. "Basi tumebaki watano vilevile," akasema, si kwangu wala kwa Ndeshi. Aliinuka, akaenda mpaka mlango wa ukumbi, akatazama ndani ambako jua la mwisho lilikuwa limelala juu ya viti vitupu. Adhana ilianza upande wa sokoni. Alisoma maneno fulani kwa sauti ya chini, akaurudishia mlango kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala.

Wiki iliyofuata alimwambia msimamizi wa jengo kwamba mtoto ni mgeni wake na atakaa ukumbini, na msimamizi hakuweza kumkatalia. Tangu hapo Ndeshi hakuingia tena stoo. Alikaa safu ya mwisho na karatasi zake, na kando yake kilibaki kiti kimoja ambacho hakuna aliyekikalia, ingawa hakuna aliyekatazwa. Dokta aliniagiza niweke kikombe cha chai kwenye meza ndogo mbele ya kiti hicho. Hakutoa sababu mbele ya watu. Tumaini alimtania kwamba anamwekea chai mchumba, akasema ndiyo, mchumba wa uzeeni. Mchezo wa salamu aliuacha. Alisema umechosha.

Mimi nilikuwa naogopa, na nilikuwa na kazi, na vyote viwili vilibidi vikae pamoja. Vumbi la Kariakoo haliachi kitu. Nikifuta viti saa saba, saa nane kitambaa kinatoka chekundu. Kiti kile nikikifuta kitambaa kilitoka safi. Kikombe kile kilipoa kabla ya vingine. Najua kiti kilikuwa pembeni, mbali na dirisha, na kikombe kisichoshikwa na mtu hupoa. Najua. Lakini nilikuwa nikikiendea kwa kugeuza uso pembeni, kama unavyopita mbele ya mkwe. Jioni moja, tukiwa kitandani, Ndeshi ameshika gumba langu, nilimuuliza Mama Witiri huwa anasema nini. Akasema, "Anauliza kama nimekula." Nikamuuliza unamjibu nini. "Namwambia dada hajapakua bado." Sikumuuliza tena mwaka ule.

Semina ya mwisho ilikuwa Desemba, na Dokta Tumaini ndiye aliyekuwa anazungumza. Mada yake ilikuwa kukata: una nukta nyingi zilizoungwa kwa mistari, unataka kuzitenga mafungu mawili, ukate wapi ili uvunje mistari michache iwezekanavyo. Nilikuwa nikigawa chai nilipomwona baba mdogo mlangoni. Alikuwa na shati jeupe, jasho la ngazi usoni, na mkononi tiketi ya basi la Moshi la kesho yake alfajiri, jina la Ndeshi limeandikwa kwa wino. Mtu wa sokoni alikuwa amemweleza kwamba mtoto wa marehemu kaka yake anafungiwa stoo ya jengo lile. Taarifa hiyo ilikuwa imechelewa kama miezi tisa, lakini sikuwa na jinsi ya kumwambia hivyo mbele ya watu.

Baba mdogo ni mfanyabiashara. Hawezi kuingia mahali bila kusalimia. Aliitia tiketi mfukoni, akaanza na waliokuwa karibu, akawapa mkono, habari za kazi, habari za leo, akapita safu ya mwisho akinyoosha mkono kwa kila aliyekaa, akamgusa Ndeshi kichwani, akaendelea hadi ukutani. Dokta Mbarak alimtazama njia nzima. Kisha akasimama na, kwa mara ya kwanza tangu ule mgao wa umeme, akasema tufanye salamu, tuna mgeni. Akaeleza mchezo. Baba mdogo alitabasamu. Kuhesabu ndiyo kazi yake, mabeseni yakipungua dazeni moja anajua akiwa usingizini. Watu wakapeana mikono, wakakaa. Wenye witiri wasimame.

Waliosimama walikuwa saba, na baba mdogo alikuwa miongoni mwao. Tumaini aliweka chaki mezani na safari hii hakutania. Dokta alimwomba mgeni kwa adabu awataje watu wake, kwa kuwaonyesha tu, kwani majina hayajui. Baba mdogo alionyesha. Huyu. Yule bwana mwenye miwani. Hawa wawili. Kila aliyeonyeshwa aliitikia. "Na yule mama," akasema, akigeuka nyuma, "aliyekuwa amekaa hapo na mtoto."

Watu wote waligeuka. Ndeshi alikuwa anachora. Kando yake kulikuwa na kiti, na mbele ya kiti kikombe, na utando mwembamba wa maziwa umeshaganda juu ya chai. Baba mdogo aliutazama mkono wake wa kulia, akakunja kidole gumba, akakikunjua, akakikunja tena. Kisha akakaa. Alikaa semina nzima, mtu asiyejua hata mstari mmoja wa mambo yale, akimsikiliza Tumaini akieleza kwamba kuna mafungu ambayo hayakatiki kwa bei rahisi, popote utakapopitisha kisu.

Nilimsindikiza mpaka chini. Ndeshi nilimshika mkono mmoja, nikangoja. Kwenye ngazi ya mwisho, mafundi cherehani wakifunga vitambaa vyao, aliniuliza bila kunitazama: "Mama yenu, kile kidole chake kiliwahi kupona?"

"Hapana, baba mdogo. Mpaka mwisho hakikukunjika."

Alitikisa kichwa. Alitoa tiketi mfukoni, akaitazama, akairudisha. "Basi limeshaondoka," akasema. Mabasi ya Moshi yanaondoka alfajiri na ilikuwa jioni, na wote wawili tulijua. Akavuka barabara akapotelea kwenye matoroli. Kikao hakikuitwa tena. Alikuwa akituletea mchele Ilala miaka yote iliyofuata, na kila alipokuja alisimama nje ya kizingiti, akasalimia kwa kuinua mkono hewani kama dereva, hakumshika mkono mtu yeyote wa nyumba yetu mpaka tulipokuwa watu wazima.

Nilirudi juu nikamkuta Dokta Mbarak anafuta ubao mwenyewe, kazi yangu. Nilimuuliza waziwazi. Kwenye kiti kile kuna nani? Aliendelea kufuta. "Binti, mimi naweza kuthibitisha kwamba kuna mmoja zaidi," akasema. "Ni nani, na yuko wapi, hesabu yangu haifiki huko." Akaongeza kwamba Dokta Tumaini alisema kweli, si uthibitisho wa kulala nao nyumba moja. Lakini kikombe alikichukua mwenyewe, akaenda kukimwaga taratibu kwenye chungu cha maua cha roshani, si kwenye karo.

Mwaka uliofuata chuo kiliacha ukumbi ule, nami nikapata kazi jikoni kwa watu wengine. Eli alisoma, sasa anaendesha malori Mwanza. Ndeshi anauza dawa famasi moja ya Ilala. Tulitoka kwenye chumba kimoja pamoja, kila mmoja kwa wakati wake na kwa miguu yake. Hakugawanywa mtu.

Tulipotoka msibani Jumapili ile kulikuwa bado na mwanga. Tulitembea mpaka karibu na kituo. Nilimuuliza Ndeshi kama anakumbuka. Akasema anakumbuka kiti, na anakumbuka kuulizwa kama amekula; sura haikumbuki, na amechoka kuitafuta. Kule juu, nikipita kwenye mikeka, nilikuwa nimehesabu mikono bila kukusudia, kama mtu anayehesabu ngazi. Nikamuuliza yeye amewapa mkono wangapi.

"Dada," akasema, "tusihesabu."

Barabara ya mwendokasi inakatiza pale Gerezani, na mabasi hayapigi honi, yanatokea tu. Zamani nilikuwa nikiwavusha wadogo zangu kwa kunyoosha mikono yote miwili, Eli kushoto, Ndeshi kulia, na mwili haujasahau. Nilinyoosha yote miwili. Ndeshi, mtu mzima mwenye watoto wake, akashika wa kulia. Wa kushoto ulibaki wazi, kiganja kimegeukia nyuma. Niliona aibu kidogo, watu wanatazama. Lakini sikuukunja mpaka tulipofika ng'ambo.